Tuwasomeshe Matabibu wa Usemi kwa Ajili ya Watoto Wasiosema

(Hotuba iliyosomwa msikitini mbele ya wazazi, walimu wa madrasa na vijana, baada ya sala ya Adhuhuri.)



 Tumepewa mada ambayo huenda baadhi yenu, ilipotangazwa Ijumaa iliyopita, mlijiuliza ina uhusiano gani na msikiti: mafunzo ya matabibu wa usemi na lugha, hasa wale watakaowahudumia watoto wenye ulemavu mkubwa na watoto wenye usonji. Uhusiano upo, na ili tuuone yafaa tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jamaa yetu alikuwa akija hapa na mwanawe wa miaka saba. Mtoto huyo hasemi. Kipaza sauti kilipolia aliziba masikio, akazunguka kati ya safu, akapiga kelele. Watu waliguna. Hatimaye mmoja wetu, kwa maneno laini yenye maana nzito, akamwambia mama yule kwamba ni afadhali asali nyumbani. Akasali nyumbani. Miezi mingi ilipita pasipo hata mmoja wetu kwenda kumjulia hali. Tulipokwenda, tulimwona mtoto akimshika mama yake mkono na kuuvuta mpaka kwenye mtungi. Ndivyo alivyoomba maji. Mama alitueleza kwamba huko hospitali alipewa dawa ya degedege na kuambiwa asubiri, mtoto atasema tu. Alikuwa amesubiri miaka mitano. Akatuuliza ni nani awezaye kumfundisha mwanawe, nasi hatukuwa na jibu.

Hotuba hii ni jaribio la kulitafuta jibu hilo.

Sote twaijua habari ya Nabii Musa a.s., ambaye alipotumwa kwa Firauni alitaja uzito wa ulimi wake, akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake. Akakubaliwa. Hakuambiwa angoje mpaka awe msemaji fasaha ndipo kazi ianze. Na mafakihi wetu nao hawakumfungia bubu mlango. Walijadili jinsi anavyouza na kununua, jinsi anavyooa, jinsi anavyousia, wakaikubali ishara yake inayofahamika kuwa inasimama mahali pa kauli. Katika Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, jambo hilo limewekwa kuwa kanuni ya 70. Mataifa ya dunia yaliandika jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2006 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha pili unahesabu kuwa mawasiliano si maneno ya mdomo peke yake, bali pia maandishi ya nukta, mguso, na njia nyingine za kusaidia usemi au kushika nafasi yake. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo kisheria, ya dini na ya serikali, mtoto asiyesema ana haki ya kusikilizwa. Lililobaki ni kuwapata watu wanaojua namna ya kumsikiliza.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya tabibu wa usemi ni kumnyoosha ulimi mwenye kigugumizi au mtoto asemaye "lafiki" badala ya "rafiki". Hiyo ni sehemu ya kazi yake, lakini ni sehemu nyepesi. Tabibu huyu husoma jinsi mdomo, koo na mapafu yanavyofanya kazi pamoja. Husoma masikio, ubongo, makuzi ya mtoto na sayansi ya lugha. Tena husomea kumeza, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo yake haijakaza, akilishwa amelazwa chali, kichwa kimeanguka nyuma, uji waweza kuingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Pengine atapaliwa na kukohoa. Pengine hatakohoa kabisa, na baada ya siku chache ataugua homa ya mapafu. Sisi tutakuja kuzika, tutasema ni ajali, na mama atarudi nyumbani pasipo kuambiwa na yeyote kwamba kumkalisha mtoto wima, kichwa kimeelekea mbele kidogo, kijiko kidogo, na kusubiri ameze kabla ya kumpa kijiko kingine, kungeweza kupunguza hatari ile. Uji uwe mzito kiasi gani, hilo hutegemea mtoto, na ndiyo sababu anatakiwa mtu aliyefunzwa kumpima.

Sasa tuje kwenye usonji. Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowaona wakiishi kana kwamba wako peke yao katikati ya watu. Wanane miongoni mwao walikuwa wamepata kusema, watatu hawakusema. Hata wale waliosema, wengi hawakuyatumia maneno kuwaambia wengine jambo. Waliyarudia kama walivyoyasikia. Walimu wa madrasa wataifahamu hali hii. Yupo mtoto ahifadhiye sura nzima kwa kuisikia mara chache, sisi tukafurahi na kusema ana kipaji, naye kipaji anacho, lakini akiwa na kiu hawezi kusema "naomba maji". Mwalimu humwona mkaidi. Si mkaidi. Kuhifadhi maneno ni jambo moja, na kuyatumia kumfikia mwenzako ni jambo jingine, na kwake yeye mambo haya mawili hayakushikana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Jamaa ya msikiti yenye watu 500, ikilingana na wastani huo, ingekuwa na watu wapatao 4. Tazameni safu zetu, kisha mjiulize wako wapi.

Wamefichwa, na wamefichwa kwa sababu ya maneno yetu. Mnamo miaka ya 1950 na 1960 wako wataalamu wa Ulaya na Marekani waliowalaumu akina mama kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowafunga watoto. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, aliyapinga hayo katika kitabu chake cha mwaka 1964, na uchunguzi wa Susan Folstein na Michael Rutter juu ya mapacha, uliochapishwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba urithi wa mwili una sehemu kubwa. Pwani yetu nayo ina lawama zake. Utafiti uliofanyika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi wakitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa sababu za usonji. Sisi tunaojinasibu kuwa tumeyaacha mambo ya hirizi na makombe, tusijipongeze upesi: tumeacha kumfunga mtoto hirizi, lakini bado twamnong'ona mama yake. Na kwa kuwa tumeligusa jambo hili, tuseme pia kwamba madai ya mwaka 1998 kuwa chanjo ya surua huleta usonji yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, kisha jarida lenyewe likayafuta mwaka 2010. Wapelekeni watoto chanjo.

Je, tabibu wa usemi huahidi kwamba mtoto atasema? Haahidi, na akiahidi mkimbieni. Anachofanya ni kutafuta njia yoyote ambayo mtoto huyu, kwa mwili alio nao, aweza kuitumia ili aseme analotaka. Kwa mmoja itakuwa maneno. Kwa mwingine itakuwa ishara za mikono. Kwa mwingine ni ubao wa picha, anaouonyesha kwa kidole, au kwa macho ikiwa vidole havimtii. Huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha utaratibu ambao mtoto humkabidhi mtu mkononi picha ya kitu anachokitaka, naye hupewa kitu hicho papo hapo. Watu wawili huhitajika mwanzoni: mmoja hukaa mbele ya mtoto na kupokea picha, mwingine hukaa nyuma na kuuongoza mkono wa mtoto, pasipo kusema neno. Yaonekana jambo dogo. Lakini mtoto aliyekuwa akilia saa nzima huku nyumba nzima ikibahatisha, hapo anajifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu mwingine anafikika.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hii ina heshima yake, kwa maana hutoka katika mapenzi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliiangalia kwa makini: katika watoto na watu wazima 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua baada ya kupewa njia hizo, na wengi wao uliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo.

Hapa ndipo tuonapo kwa nini mafunzo hayawezi kubadilishwa kwa nia njema. Ulizuka mtindo ambao msaidizi humshika mtoto asiyesema mkono au kiwiko, na mkono ukabonyeza herufi, yakatoka maandishi marefu mazuri. Wazazi walilia kwa furaha. Walipokuja kupimwa, mtoto akionyeshwa picha moja na msaidizi nyingine, kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona msaidizi. Maneno yalikuwa yake, wala hakujua kwamba anadanganya. Chama cha matabibu wa usemi cha Marekani kilitoa tamko la kuukataa mtindo huo mwaka 2018. Nia ya watu wale ilikuwa safi, na mtoto alinyang'anywa sauti yake huku wakidhani wanampa.

Basi mafunzo yenyewe yakoje? Huko Marekani anayetaka kazi hii husoma mpaka shahada ya pili, hufanya mazoezi yasiyopungua saa 400 chini ya usimamizi, ambazo 375 ni za kukaa na wagonjwa wenyewe, kisha hufanya kazi wiki 36 akiangaliwa na mwenye uzoefu. Hata hivyo iligunduliwa huko kwamba shahada peke yake haitoshi kwa watoto tunaowazungumzia. Mtoto mwenye kigugumizi hukaa kitini, husikiliza, na baada ya miezi mwanafunzi huona matunda ya kazi yake. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa huweza kuchukua mwaka mzima kujifunza kuonyesha "basi" na "tena". Mwanafunzi asiyeongozwa atawakimbilia wale wepesi, na tusimlaumu, kwani ni tabia ya binadamu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliyopitishwa mwaka 1975, na ambayo mwaka 1990 ilitaja usonji kwa jina lake, serikali ya nchi ile iliweka fedha za kuvisaidia vyuo vikuu kuwafunza watu mahsusi kwa watoto hawa. Nasi tuliloliona kuwa la maana zaidi ni sharti lake: mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo alidaiwa miaka 2 ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu kwa kila mwaka 1 aliosomeshwa, na asipotimiza alipe. Tulishike sharti hili, tutalirudia.

Kuna somo jingine karibu zaidi na kwetu. Afrika Kusini ilianza kuwafunza wataalamu wa usemi mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mtu angetazamia kwamba baada ya miaka hiyo yote kila mtoto wa nchi ile angehudumiwa. Lakini chini ya utawala wa ubaguzi waliofunzwa walikuwa zaidi Wazungu, nao walifanya kazi kwa Kiingereza na Kiafrikana, na mtoto wa Kizulu au wa Kisotho alipimwa kwa lugha isiyo ya mama yake, kama alipimwa. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Pretoria, chini ya Profesa Erna Alant, kilianzisha kituo maalumu cha kufundisha na kutafiti njia za kuwasaidia wasioweza kusema, nacho kimefunza wataalamu wa shahada za juu katika fani hiyo hiyo ya ulemavu mkubwa. Yaani ilichukua zaidi ya miaka 50 kutoka kumfunza tabibu wa kwanza mpaka kuwekwa mahali pa kuwafikiria watoto walio wazito kuliko wote. Sisi tusirudie mwendo huo.

Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 2008. Walimu wake wa mwanzo wengi walitoka ng'ambo, baadhi kwa kujitolea, nasi twawashukuru. Lakini shukrani hizo zisitufumbe macho. Vipimo na picha zilizotungwa kwa Kiingereza haziwi za Kiswahili kwa kubandikwa jina jipya. Katika ubao wa Kiingereza mtoto hupanga picha ya "mimi" kisha picha ya "kutaka". Kwetu sisi "nataka" ni neno moja, na "ninakupa" lina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo, vyote vimefungwa pamoja. Ni mtaalamu aliyelelewa katika lugha hii ndiye ataamua picha hiyo iwe moja au mbili. Tena katika orodha nyingi za dalili, mtoto asiyemtazama mkubwa machoni hutiliwa alama ya shaka. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho. Kinyume chake, mtoto wa miaka minne asiyeitika salamu hata ya nyanya yake, sisi twasema hana adabu, ilhali hiyo ingekuwa dalili ya kwanza ya kutupeleka kwa tabibu. Vipimo vya namna hii vyaweza kutungwa. Watafiti huko Kilifi walitunga vipimo vya usemi na lugha kwa lugha za watoto wa hapo, na kwa vipimo hivyo wakaonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali walibaki na matatizo ya lugha ambayo hakuna aliyeyaona.

Na Kilifi hiyo hiyo imetuonyesha kwamba tabibu mmoja aliyefunzwa hawi mmoja. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, wataalamu waliwafuata nyumbani watoto wasioweza kusema, wakawafundisha walezi wao kutumia ishara, picha na vitu vya nyumbani, na walezi wakaeleza kwamba waliwaona watoto wao kwa jicho jingine. Tabibu hakuhamia pale. Aliacha ujuzi mikononi mwa mama.

Ndugu zetu, sasa tunasema tunalolitaka. Mfuko wetu wa elimu umekuwa ukisomesha vijana, na kila mwaka twasomesha wahasibu na wanasheria, nao hupata kazi mjini na kutuletea salamu wakati wa Idi. Tunapendekeza kwamba nafasi moja katika mfuko huo, kuanzia mwaka ujao, itengwe kwa kijana wa kike au wa kiume atakayesomea tiba ya usemi na lugha, kwa sharti lile tulilolitaja: miaka 2 ya kazi katika wilaya zetu kwa kila mwaka 1 wa masomo, tena iandikwe na ishuhudiwe. Na mazoezi yake yasiwe na watoto wepesi tu; kila likizo akae na watoto walioko katika nyumba zetu. Wako watakaosema ni fedha nyingi kwa ajili ya watoto wachache. Tumekwisha kuwahesabia kwamba si wachache. Wengine watasema tungoje serikali. Serikali na idaiwe, na barua tutaandika, lakini yule mama amekwisha kungoja vya kutosha.

Mtasema, na mtoto yule je? Mwaka jana tabibu mmoja alipita mjini kwetu kwa siku mbili, naye alikaa na mama na mtoto asubuhi zote mbili. Aliwaachia picha sita zilizochorwa kwa mkono. Mojawapo ni ya mlango. Mtoto akizidiwa na sauti humpa mama yake picha ya mlango, wakatoka nje, akatulia, wakarudi. Picha nyingine ni ya mtungi. Hasemi bado, na huenda asiseme. Siku hizi huja sala ya Alasiri, hukaa karibu na viatu.

Tumekubaliana na mwadhini kwamba kuanzia kesho kipaza sauti cha ndani kizimwe wakati wa Alasiri, na kona ile ya nyuma iachwe wazi kwa wazazi wenye watoto wa namna hii. Vijana waliofaulu Baiolojia kidato cha sita na wanaoifikiria kazi hii watoe majina yao kwa katibu wa elimu kabla ya Ijumaa, ili vyuo vya kanda hii viulizwe juu ya nafasi na ada. Na akina mama wenye watoto wasiosema, ambao hatukuwaona kwa muda mrefu, wasiondoke baada ya sala. Chai ipo chumba cha madrasa, na yule mama mwenzao atawaonyesha zile picha.